Majina Yasiyo na Daftari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Matete)



Mtunza hazina amekwisha kutusomea hesabu za mwaka. Tumesikia kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka, na mahali ambapo hesabu haikueleweka aliulizwa, naye akajibu. Hivyo ndivyo ipasavyo, maana wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa kamati ya elimu tumepewa nafasi ya kusema baada yake, nasi twaona yafaa tuanzie hapo alipoachia. Iko mali nyingine ya Matete ambayo haikusomwa katika hesabu hizo, wala haikuandikwa katika daftari lo lote. Mali hiyo ni majina ya watu wetu waliokufa vitani.

Sote twajua sababu ya kuwapo kwa Chama hiki. Tulichangishana ili mtu wa kwetu akifa Nairobi, au Mombasa, au penginepo mbali, asizikwe kama mtu asiye na jamaa. Tumelipia majeneza, tumekodi magari, tumekesha njiani usiku kucha ili maiti ifike nyumbani na kulazwa mahali ambapo mama yake anaweza kupaona afunguapo mlango asubuhi. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuionei haya. Lakini wako watu wetu ambao hapana gari lililokwenda kuwachukua. Wako waliozikwa kando ya njia za Tanganyika, wako walioachwa katika misitu ya Burma, na wako ambao kaburi lao ni bahari. Hao nao walikuwa watoto wa maboma haya haya. Hatuwezi tena kuwaleta. Kitu kimoja tu chaweza kuletwa nyumbani, nacho ni jina.

Mwaka huu tulipokwenda katika shule moja ya hapa kwetu kuwapa watoto zawadi za mtihani, tuliwauliza swali moja: Ni nani ajuaye maana ya neno Kariakoo? Mikono mingi iliinuliwa. Mvulana mmoja alisema kwamba ni mahali pa Simba na Yanga. Watoto walicheka, nasi tukacheka, ingawa hakukosea, maana klabu hizo mbili za Dar es Salaam zina asili yake huko. Mwingine akasema kwamba Nairobi pia liko soko la Kariokor, na hilo nalo ni kweli. Walakini hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba majina hayo yalitoka kwa watu waliobeba mizigo ya vita, na ya kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wa kwetu. Tulipokuwa njiani kurudi hatukucheka tena. Tuliulizana: Ikiwa watoto hawajui, ni nani aliyepaswa kuwaambia? Jibu lilikuwa sisi wenyewe.

Basi na tueleze leo, ili watoto waliopo wapate pa kuanzia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walitawala Kenya, na Wajerumani walitawala nchi iliyoitwa Tanganyika baadaye. Nchi ya mapigano ilikuwa na barabara chache sana za magari, na mbung'o waliwaua farasi, punda na maksai. Kwa hiyo chakula cha jeshi, risasi na dawa vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Kikosi cha wapagazi hao Waingereza walikiita Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo na Kariokor. Mwaka 1917 Serikali iliamuru wapagazi wakusanywe kwa wingi kuliko kwanza, na kazi hiyo alipewa John Ainsworth, ambaye alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza. Machifu waliambiwa hesabu ya wanaume ambao kila mmoja sharti awatoe. Nyanza, ambamo wilaya yetu ilihesabiwa siku zile kwa jina la North Kavirondo, ilitoa watu wengi sana.

Wako waliokwenda kwa kutaka mshahara. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na hatuna haja ya kulificha neno hilo. Wala waliokufa hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu, na njaa, na uchovu wa kutembea mvuani na mzigo kichwani. Wapagazi wa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza ambao vifo vyao viliandikwa walizidi 40,000, na wanahistoria huona kwamba hesabu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Vita vilipokwisha huku kwetu, mwezi wa Novemba 1918, waliobaki walirudi kwao wakiwa wamekonda, na walioachwa nyuma hapakuwa na mtu wa kuwaulizia. Mishahara ya wengi waliofariki haikufika kwa wajane wao, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa vizuri hata jamaa zao zikaweza kutafutwa. Tazameni basi jinsi jina lililoandikwa vibaya lilivyokuwa chakula kilichokosekana nyumbani.

Mtu aendaye Nairobi aweza kuona, katika Kenyatta Avenue, sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika vita hivyo, na mpagazi mmoja yumo. Chini yake pameandikwa maneno kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Hatutayasoma hapa, lakini maana yake ni ahadi, ya kwamba aliyeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzuri. Lakini izunguke ile nguzo pande zote, usome kila neno, hutaona jina la mpagazi hata mmoja. Wakubwa wa siku zile waliwaahidi wafu kwamba watoto watakumbuka, kisha hawakuwaachia watoto kitu cha kukumbukia.

Kosa hilo limekwisha kukiriwa. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola iangaliayo makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita vile, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ya kwamba wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Mwaka 2023 Mfalme Charles III alipozuru Kenya alifika katika makaburi ya Kariokor, Nairobi. Twashukuru kwa hayo yote. Hata hivyo, tume iliyo Uingereza haiwezi kujua ni nani aliyetoka katika boma lililo nyuma ya kisima chetu. Wanaolijua jambo hilo, kama wapo, ni wazee walioketi mbele yetu leo, na kila mwaka twawazika baadhi yao.

Sasa na tutazame upande wa pili. Ng'ambo ya mto Nzoia, kupita Webuye, viko vilima vya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu, pamoja na Watachoni, walipigana huko na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza. Watu wetu hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa wakilinda maboma yao. Walikuwa ndani ya ngome iliyozungukwa na handaki, wakashindwa na bunduki, na wengi walikufa. Mashujaa hao hawakungoja sanamu ya shaba ili wakumbukwe. Zaidi ya miaka 125 imepita, na bado mtoto wa sehemu hizi husikia habari za Chetambe kabla hajafika darasa la tano. Sababu yake ni kwamba wazee hawakunyamaza. Ilisimuliwa motoni jioni, na ilisimuliwa matangani. Watachoni wenzetu, kama Wabukusu, wanayo desturi ya kumuse, ambapo baada ya maziko ya mzee msemaji husimama mbele ya watu na kuwakumbusha waliotangulia na njia waliyoipita. Tumeona basi kwamba shaba ya Nairobi haikutosha bila kinywa cha mzee, na kinywa cha mzee kimeifikisha Chetambe hata leo bila shaba.

Lakini kinywa nacho hufunga. Vita Kuu ya Pili yatuonyesha jambo hilo. Vita hivyo vilipokuja, mwaka 1939 hata 1945, karibu Wakenya laki moja walitumika jeshini, wengi wakiwa katika jeshi la King's African Rifles ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana katika Somalia na Ethiopia, wakaenda Madagascar mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa karibu na visiwa vya Maldives na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji. Ilizama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka ule ule Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za huko, ikipita katika matope na homa, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na mji wa Yangon, yameandikwa katika mawe majina ya waliokufa wasio na kaburi, na ya Waafrika yamo. Safari hii majina yaliandikwa, lakini yaliandikwa mahali ambapo mjane wa Matete hakuweza kufika.

Tutawapa mfano wa hapa nyumbani. Tulipokuwa tukitayarisha maneno haya, tulikaribishwa katika boma moja, na bibi mwenye boma akatutolea kopo la bati. Ndani yake mlikuwamo nishani ya nyota, ile waliyopewa waliopigana Burma. Bibi alitueleza kwamba ndugu wawili walitoka katika boma lile kwenda vitani. Mmoja alirudi, akalima, akaoa, akafa mzee. Wa pili hakurudi. Tukauliza: Nishani hii ni ya yupi? Bibi akainamisha kichwa. Mumewe alijua, naye amekwisha kufa. Mkwewe alijua, naye amekwisha kufa. Tuliigeuza ile nyota tukitafuta jina nyuma yake, wala hatukuliona, maana Waingereza waliwapa askari nyota za vita hivyo bila kuziandika majina. Kwa hiyo nishani ipo, na heshima ipo, na mwenyewe hajulikani. Laiti mtu mmoja angaliandika mstari mmoja katika karatasi miaka 30 iliyopita, nyota ile ingalikuwa na mwenyewe leo.

Enyi vijana, msidhani kwamba haya ni mambo ya babu tu. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa alfajiri, na askari wengi wa Kenya waliuawa. Kikosi kilichokuwapo kilitoka kambi ya Moi iliyo Eldoret, kwa jirani zetu hapa. Jamaa nyingi zilingoja siku nyingi mpaka maiti zitambuliwe, na ibada ya kuwakumbuka ilifanyika Eldoret tarehe 27 mwezi ule ule. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow nayo ilishambuliwa. Serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa El Adde. Sisi hatukuja hapa kubishana na Serikali juu ya hesabu. Lakini twasema kwamba penye hesabu isiyotajwa, jina la mtu lina thamani zaidi.

Zipo jamaa za magharibi ya Kenya ambazo, mwili usipopatikana, huzika shina la mgomba mahali pa mwili, ili marehemu awe na kaburi na waliobaki wapate kutulia. Wengine hawaipendi desturi hiyo, na hatuwalazimishi. Lakini tuifahamu maana yake. Wazee walijua kwamba mtu asiyezikwa huendelea kungojwa, na mama amngojaye mwanawe hali chakula kikashuka.

Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet pamoja na wanajeshi wengine tisa. Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Jina la jenerali litakaa katika vitabu bila msaada wetu. Jina la askari mdogo aliyetoka katika kijiji chetu halina mtunzaji mwingine ila sisi.

Tunajua kwamba wako watakaotupinga. Vijana wengine wametuambia: Kwa nini tuwakumbuke watu waliokufa katika vita vya Wazungu, ambavyo havikuwahusu? Swali hilo ni la haki, na hatulijibu kwa hasira. Twajibu kwamba hatuvikumbuki vita, twawakumbuka watu. Aliyefungwa kamba na kupelekwa kubeba mzigo hakuchagua vita, na akisahauliwa amedhulumiwa mara mbili, kwanza na aliyemchukua, pili na wajukuu wake. Na katika daftari letu tutaandika ukweli. Aliyejitolea ataandikwa kwamba alijitolea, na aliyekamatwa ataandikwa kwamba alikamatwa. Hatutampamba mtu kwa uongo, maana sifa ya uongo hufifisha na ile ya kweli. Wako pia wazee wasemao kwamba si vema kumtaja marehemu ambaye kaburi lake halijulikani. Twawaheshimu wazee wetu, nasi twawaomba watufundishe namna ya kuwataja kwa adabu. Lakini sisi hatuoni salama yo yote katika kunyamaza, maana ukimya tumeujaribu, nao umetuachia nyota isiyo na mwenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kamati ya elimu yaleta mbele ya mkutano huu mambo manne, na twaomba yajadiliwe kabla hatujatawanyika.

La kwanza, Chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, litunzwe na katibu kama litunzwavyo daftari la fedha. Ndani yake yaandikwe majina ya watu wa Matete waliokufa katika utumishi wa jeshi, tangu wapagazi hata askari wa siku hizi: jina la mtu na la baba yake, ukoo wake, kijiji chake, kikosi chake, mahali na mwaka aliokufa, na jina la mtu aliyetoa habari hizo. Lisilojulikana liachwe wazi, lisibuniwe. Nakala ya pili iwekwe shuleni, ili moto au mchwa wakila moja, nyingine ibaki.

La pili, wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe kazi wakati wa likizo, kila mmoja kumwendea mzee mmoja, kumwamkia vizuri, kumsikiliza bila haraka, na kuandika asemayo. Walimu wamekubali kuyapitia maandishi hayo. Mzee anaweza kurudia hadithi mara tatu. Mtoto na avumilie, maana mara ya tatu ndipo jina lililosahaulika hujitokeza.

La tatu, kila mwaka katika mkutano kama huu, kabla hesabu za fedha hazijasomwa, yasomwe majina yaliyomo katika daftari. Taifa lina siku zake: tarehe 14 Oktoba ni siku ya majeshi yetu, na tarehe 20 Oktoba ni siku ya Mashujaa. Siku hizo ni za nchi nzima. Sisi na tuwe na dakika chache zetu wenyewe, na wasomaji wawe watoto, ili majina yapite vinywani mwao.

La nne, na hili ndilo zito. Kama yuko mjane wa askari, au mtoto aliyeachwa na askari, katika vijiji vyetu, Chama kimtazame kwanza wakati wa kugawa fedha za karo. Kumsifu marehemu na kumwacha mtoto wake arudishwe nyumbani kwa kukosa karo ni kupalilia kaburi na kuiacha nyumba ianguke. Mtunza hazina atatuuliza fedha zitatoka wapi. Sisi wa kamati ya elimu tumekubaliana kwamba tutatoa mchango wa kwanza leo hii, kabla ya kunywa chai.

Wazee wetu, twawaomba jambo moja. Msiondoke leo bila kumtajia mmoja wa watoto hawa jina moja. Si lazima mkumbuke mwaka, wala kikosi, wala nchi aliyofia. Semeni tu: Palikuwa na mtu, aliitwa hivi, alikuwa mwana wa fulani, alikwenda, hakurudi. Katibu ameketi karibu na mlango, na kalamu yake ina wino. Nanyi watoto, mkilisikia jina hilo lirudieni mara mbili kabla ya kuliandika, ili mzee awasahihishe akiwa bado yupo wa kuwasahihisha.

Kwa hayo machache twamaliza, nasi tuko tayari kwa maswali.